Shakespeare na Kasumba Yetu
Wapo wasomi wadaio kwamba Kiswahili hakibebi fikra nzito, kwa hiyo sekondari zetu ziendelee kufundisha kwa Kiingereza. Dai hilo lilikwisha kujibiwa. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare katika Julius Caezar, na mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi akatupa Makbeth mwaka 1968. Hapa Tunduma, mpakani, penye wabadili fedha na wakopeshaji, nani asiyelielewa deni la ratili ya nyama ya mdaiwa? Shakespeare, aliyefariki 1616, hakuandika kwa Kilatini cha wasomi. Aliandika kwa lugha ya watu wake. Tukimkariri kwa Kiingereza, tafsiri hizo zikilala kabatini, hatumheshimu yeye, twajidharau wenyewe.