Pombe vyuoni: Programu za mtandaoni zisipuuze kibuyu cha Dodoma

UCHAMBUZI

TANGU Chuo Kikuu cha Dodoma (Udom) kianzishwe mwaka 2007, Dodoma imekuwa makao ya maelfu ya wanafunzi, wengi wao wakiishi mbali na macho ya wazazi kwa mara ya kwanza.

Hatari iliyopo si ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza ulibaini kuwa wanafunzi wa vyuo ndio walioongoza kwa unywaji: asilimia 45 ya wavulana na 26 ya wasichana.

Nchini Marekani, vyuo vingi hutumia programu za intaneti. Mwanafunzi hujaza kiasi anachokunywa, kisha huonyeshwa kiasi halisi wanachokunywa wenzake. Msingi wake ni kwamba vijana wengi hudhani wenzao hunywa zaidi kuliko ukweli ulivyo, nao hujitahidi kuwafikia.

Hata hivyo, programu hizo haziwezi kuletwa Dodoma kama zilivyo. Kipimo chake ni kinywaji chenye gramu 14 za kilevi, na umri halali wa kunywa nchini humo ni miaka 21, wakati Tanzania ni 18.

Mathalani, mwanafunzi aliyekulia Zuzu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, anaijua pombe ya mtama inayonywewa kwa kibuyu kinachopita mkono kwa mkono. Kibuyu hakina lebo. Akilazimika kukisia, jibu atakalopewa litampotosha, na kumlinganisha na kijana wa California hakutamshtua.

Mfano wa kuigwa upo nchini. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliandaa mpango wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako kwa majeruhi: mazungumzo mafupi ya Kiswahili na muuguzi, yakifuatiwa na ujumbe mfupi wa simu. Majaribio makubwa yalianza mwaka 2020.

Kwa vyuo vya Dodoma, hatua ya kwanza ni kuwahoji wanafunzi wao wenyewe bila kuwataka majina, kwani anayehofia adhabu hatasema kweli. Ya pili ni kupima kilevi kilichomo katika pombe za kienyeji na mvinyo wa zabibu za hapa. Bila takwimu hizo, programu yoyote itakuwa inamshauri mwanafunzi isiyemjua.