Tuliwapa Dua, Hatukuwapa Ujumbe



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Mji Mkongwe iliwaalika vijana wawili wa chuo kikuu waliopata kuhudhuria mikutano ya Umoja wa Mataifa ya mabadiliko ya tabianchi: mmoja Dubai mwaka 2023, mwengine Baku mwaka 2024. Waumini walijaa hadi barazani.

Tulifaidika. Walitueleza kuwa waliingia kwa vitambulisho vya watazamaji. Hawakuwa na kauli katika maamuzi, lakini walisikiliza na kuzungumza kwenye vikao vya vijana. Wa Dubai alishuhudia tarehe 30 Novemba, siku ya kwanza, ulipoidhinishwa kuanza kazi mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata hasara, na Imarati na Ujerumani zikaahidi dola milioni 100 kila moja. Wa Baku alisimulia namna nchi tajiri zilivyoafiki dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na namna nchi masikini zilivyolalamika kuwa hazitoshi.

Ndipo kikaletwa kikaratasi kutoka upande wa akina mama. Mwandishi wake ni bibi mzaliwa wa Jambiani. Tukakisoma kwa sauti: "Wanangu, huko mlikokwenda, mlisema nini juu ya mwani wetu?"

Kimya kikatanda. Kisha mmoja akajibu kwa adabu: "Bibi, utusamehe. Hatukuusema. Mimi sijapata hata siku moja kuingia kwenye shamba la mwani."

Tunamshukuru kwa ukweli wake. Mwani umelimwa kibiashara Unguja tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bahari imezidi joto. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa katika maji machache ya ufukweni. Umebaki spinosum, ambao bei yake ni ndogo. Kotonii ingestawi kwenye kina, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawana hivyo. Hiyo ndiyo hasara iliyozungumzwa Dubai, ila iliketi huko bila ya jina la Paje wala Jambiani.

Lakini tusiwatupie vijana lawama peke yao. Walipoondoka tuliwaombea dua hapa msikitini, tukapiga nao picha, tukarudi majumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia: nendeni mkaseme hili. Anayetumwa bila ya ujumbe atarudi na alichokiona, si na alichokipeleka. Safari ile ilikuwa amana, na sisi tuliokabidhi amana tuliikabidhi tupu.

Kwa hiyo kamati imeafikiana mambo mawili. Mwanafunzi wa mtaa wetu atakayepata safari kama hiyo ataombwa kwanza kukaa na wakulima wa mwani au wavuvi walau bamvua moja. Akirudi, atatoa taarifa baada ya Isha, kwa Kiswahili, na akina mama wataanza kuuliza.

Vijana wale wawili hawakusubiri safari nyengine. Wameomba kwenda Jambiani bamvua lijalo, na bibi ameahidi kuwafundisha kufunga mwani kwenye kamba.

Wabillahi tawfiq.