Usiniambie "ni i7"! Kwanza nionyeshe skrini

Kulikuwa na mradi wa mteja ulioninyima usingizi tangu mwezi uliopita. Leo nimerudi, na nimerudi nikiwa nimekasirika, kwa hiyo mnivumilie.

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Nakuru, ana miaka 19. Kwa karibu miaka miwili amekuwa akifanya kazi ya kunakili sauti mtandaoni: usiku wa manane, vipokea sauti masikioni, akisikiliza Wamarekani wakigombana kwenye mikutano na kuandika kila neno. Akaweka akiba, shilingi 62,000. Akapanda matatu mpaka Nairobi, akaingia duka moja katikati ya jiji bila hata kunipigia simu (hilo tutaongea naye kando) akasema anataka kompyuta ya gemu. Akauziwa. Wiki ya tatu, katikati ya mechi, pap! Harufu ya plastiki ikajaa chumbani, mashine ikafa. Warantii ilikuwa ya siku 14. Alipopiga simu dukani, akaambiwa ni stima ya kwao.

Aliniletea ile sipiyu (najua, sipiyu ni prosesa, lakini huku kwetu sanduku lote tunaliita hivyo na sitaki vita na mtu) nikaifungua mwenyewe. Risiti ilisema hivi: i7, rami GB 16, kadi ya michoro RX 580 ya GB 8, skrini inchi 19, taa za rangi. Ukiisoma haraka utasema kijana amepata. Na imeandikwa hivyo ili uisome haraka.

Tuanze na hiyo i7. Ilikuwa i7-2600. Intel waliitoa Januari 2011, wakati huyu kijana alikuwa bado mtoto mdogo. "i7" ni cheo tu. Haikuambii mashine ni ya mwaka gani. Kuna i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini vinne na nyuzi nane, idadi ile ile kabisa, na inaiacha i7 hiyo mbali sana kwa sababu kila kiini kinafanya kazi zaidi kwa mpigo mmoja wa saa. Isitoshe, Windows 11 haiikubali rasmi hiyo ya 2011, na Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana ameuziwa cheo cha mzee aliyestaafu.

Lakini i7 siyo iliyomuua. Kilichomuua ni kitu ambacho hakikuandikwa kabisa kwenye risiti: pawa saplai. Ubavuni ina kibandiko kikubwa, "500W". Chini yake, kwa herufi za mchwa, kuna jedwali. Nenda kwenye safu ya +12V. Imeandikwa ampea 18. Volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Hapo ndipo kadi na prosesa zinapokunywa, si kwingine. RX 580 peke yake ni ya wati 185. Prosesa ni ya wati 95. Jumlisha: 280, na hatujagusa feni wala diski. Hii ni hesabu ya shule ya msingi! Mtu amefunga punda mmoja kwenye mzigo wa ng'ombe wawili, halafu punda akifa anasema ni barabara.

Sikatai kwamba stima yetu ina mambo yake. Hupotea na kurudi kwa kishindo, ndiyo maana kila nyumba ina kinga ya friji ukutani. Ajabu ni kwamba friji tunailinda, halafu kompyuta ya 62,000 tunaipa pawa saplai nyepesi kiasi kwamba unaweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Na msidanganywe na nembo ya 80 Plus pia. Ni nembo nzuri, lakini inapima ni umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikuambii kama mle ndani kuna kinga ya kuzima umeme unapozidi.

Sasa tufike kwenye skrini, ndilo jambo lililonitoa kwenye usingizi.

Skrini aliyopewa kama nyongeza ("hii nakutupia tu, brathe") ina nukta 1366 kwa 768, yaani 1,049,088, na inajichora upya mara 60 kwa sekunde. Basi. Hata kadi ichore fremu 120 kwa sekunde, hiyo skrini haiwezi kuonyesha zaidi ya 60. Nusu ya kazi ya kadi inaishia jalalani. Kijana alilipia kitu ambacho macho yake hayakuwahi kukiona, na moto wa kukitengeneza ndio ulioimaliza pawa saplai!

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnichoke: skrini inaamua kadi, kadi inaamua pawa saplai, na hayo mengine yafuate. Nukta 1920 kwa 1080 ni 2,073,600. Ukipanda hadi 3840 kwa 2160 ni 8,294,400, mara nne kamili, na kadi inazichora zote kwa kila fremu. Bila kujua utatazama nini, unawezaje kujua utanunua kadi gani? Kwenye hezi 60, picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Kwenye hezi 144 ni kila milisekunde 6.9. Mtu anayecheza gemu za kulenga risasi ataliona hilo dakika ya kwanza, hata kama hajawahi kusikia neno hezi.

Kwa mfuko wetu mimi ningechukua inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, paneli ya IPS, hezi 144, na iwe inakubali FreeSync. Tangu Januari 2019 hata kadi za NVIDIA zinaelewana na skrini nyingi za namna hiyo, kwa hiyo usilipie chipu ya ziada. Ile "1 ms" kwenye boksi ipuuze. Na ukifika nyumbani, kebo iende kwenye kadi, siyo kwenye madabodi, halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe haijabaki kwenye 60. Nimekuta watu wawili ofisini kwetu, wenye digrii, waliokaa mwaka mzima hivyo.

Najua mtakalosema. "Kaka, pesa ni kidogo, mtu anaanza na anachoweza." Sawa kabisa. Kwa sababu pesa ni kidogo ndipo nasema uanze na kile kisichokufa. Skrini yangu niliinunua nikiwa mwaka wa tatu chuoni na imeshazika kompyuta mbili. Pawa saplai nzuri utaihamisha mashine hadi mashine. Prosesa je? Mwulize ile i7.

Wauza duka wana makosa yao, lakini sisi tuliosomea kompyuta tuna makosa zaidi. Miaka minne nimefundishwa rejista na kashe, na hakuna siku hata moja mtu aliniletea kibandiko cha pawa saplai nikisome. Ndugu zetu wanatuuliza "ninunue gani?" nasi tunajibu "tafuta i7" kwa sababu ni jibu fupi. Mimi mwenyewe nilimjibu hivyo huyu kijana, mwaka juzi, kwa WhatsApp. Ameniwekea ujumbe wenyewe, anao.

Basi tumeanza upya. RX 580 ilipona, nimeijaribu kwenye mashine yangu kwa jioni tatu. Madabodi haikupona. Nilichanga nusu, naye akachanga nusu ya mwezi huu ya kunakili, tukanunua skrini tu. Ameiunganisha na laptopu yake kuukuu na anafanyia kazi. Pawa saplai ni mwezi ujao. Rami ilipanda bei vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hiyo hiyo tunaiacha mwisho, na sanduku lenyewe liko tupu chini ya meza yangu, taa zake zote nimezing'oa.