Bei ya Nyumba si Bei ya Shida

Mwananchi wa Igunga akitaka kuuza nyumba yake, swali la kwanza analojiuliza ni hili: nina haja ya shilingi ngapi? Huhesabu karo ya watoto, deni la dukani na nauli ya kurudi kwao, akajumlisha, kisha akaitangaza jumla hiyo kuwa ndiyo bei. Sisi twasema huo ni mwanzo wa hasara. Mnunuzi hanunui shida za muuzaji. Ananunua kuta, bati, kiwanja na mahali.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, thamani ya nyumba ilionekana kuwa habari ya matajiri. Leo ni habari ya mwalimu, karani na mkulima wa pamba, ambao nyumba moja ndiyo akiba yao ya maisha. Akikosea bei siku moja, amepoteza jasho la miaka 30.

Makosa yenyewe ni mawili. Mwenye haraka hutaja bei ndogo. Mlanguzi huikamata nyumba siku hiyo hiyo, akaiuza tena kwa thamani yake halisi, na faida ikaingia mfukoni mwa mtu asiyefyatua hata tofali moja. Mwenye tamaa naye hutaja bei aliyoisikia Dar es Salaam. Nyumba hukaa mwaka mzima na tangazo ukutani, wapita njia wakaanza kuulizana ina kasoro gani, na mwishowe huiuza kwa bei iliyo chini ya ile ambayo angaliipata mwezi wa kwanza. Wazee walisema kizuri chajiuza. Lakini hata kizuri hakijiuzi ikiwa bei yake inawafukuza watu mlangoni.

Basi, yampasa muuzaji afanye nini? Kwanza, aulize habari za nyumba zilizokwisha kuuzwa mtaani kwake, wala si zile zinazotangazwa. Bei iliyotajwa ni maneno. Bei iliyolipwa ni ushahidi. Pili, apime tofauti: je, kiwanja kimepimwa na kina hati? Je, nyumba i karibu na barabara kuu ya Singida na Nzega? Umeme upo? Maji ya Ziwa Victoria yamefika Igunga kwa mabomba, na mwenye bomba uani hana sababu ya kuuza kama asiye nalo. Wala asione haya kukihesabu kiwanja. Ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekiri kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani. Tatu, akadirie gharama ya kujenga nyumba kama hiyo leo, kisha apunguze uchakavu.

Akibaki na shaka, amwite mthamini aliyesajiliwa. Kisha aongeze kidogo kwa ajili ya mapatano, maana hakuna mnunuzi asiyependa kupunguziwa. Lakini awe amekwisha kukata shauri moyoni ni kiwango gani hatashuka chini yake. Tena atazame majira. Pamba ikiisha kuuzwa, fedha zimo mikononi mwa watu. Wakati wa kulima, fedha zimekwenda shambani. Anayeweza kungoja, na angoje.

Neno moja kwa waume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo bei na ipangwe na wawili mezani, wala isipangwe na mmoja kilabuni.

Wapagazi wa Unyamwezi, waliokwenda na misafara kati ya pwani, Tabora na Ujiji, walipatana ujira kabla ya kuondoka. Hawakuuliza thamani ya jasho lao baada ya kufika. Nasi twawasihi ndugu zetu wa Igunga: ijueni thamani ya nyumba zenu kabla shida haijabisha hodi, kwa maana ikiisha kuingia ndani, ndiyo itakayopanga bei.