Jina Lako la Mtandaoni Nalo ni Jina

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Wanafunzi wapenzi, wazazi na walezi, mwaka huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipita kama dogo: majina ambayo vijana wetu wanajipa katika Facebook, Instagram na TikTok. Mtoto akizaliwa hapa Mwandiga, wazazi hushauriana, akachinjiwa akika na kupewa jina zuri. Mtoto huyo akifika umri wa kushika simu anajipa jina jingine kwa dakika moja, bila kumuuliza mtu, na ndilo watu wa mbali watakalomjua nalo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa kijana wa sekondari nilifungua akaunti yangu ya kwanza katika intaneti kafe moja mjini Kigoma. Tulikuwa tunalipia kwa nusu saa, nami niliogopa muda usije ukaisha, nikaandika jina la kihuni lililokuwa likivuma mtaani. Kisha nikalisahau. Miaka ikapita, nikasoma, nikapata diploma, nikapewa darasa. Siku moja nikiwa nafundisha mlango wa twahara nikasikia vicheko nyuma. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameikuta akaunti ile, na picha yangu ipo pale pale. Wiki nzima jina lile lilinong'onwa darasani. Sikumwadhibu mtu, maana jina lile sikubandikwa na yeyote. Nilijibandika mwenyewe.

Jina la kuitwa lina nguvu kuliko tunavyodhani. Ukimtaja Muhammad bin Khalfan al-Barwani, wachache watajua ni nani. Mtaje Rumaliza, na mwenye kujua historia atakueleza habari za Ujiji ya karne ya 19, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Mwenzake Hamad bin Muhammad al-Murjebi, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, dunia nzima inamjua kwa Tippu Tip. Hao majina waliyapata midomoni mwa watu. Ninyi mnajichagulia wenyewe, basi mna udhuru gani?

Tazameni mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Kulikuwa na mwanamke aitwaye Aasiya (kwa 'ain na swad, maana yake muasi, si yule mke wa Firauni), akamwita Jamila. Mwanamke aitwaye Barra, yaani mwema, akamwita Zaynab, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa na kujisifu. Na yupo Hazn, maana yake ugumu, babu yake Said bin al-Musayyib. Mtume (S.A.W.) alitaka awe Sahl, wepesi, naye akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake alikuja kusimulia kwamba ugumu ule haukuwatoka tena katika ukoo wao.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kubadili jina baya si aibu, ni sunna. Pili, na hili wengi hawalioni, jina la kujisifu kwa dini nalo lina kasoro. Kijana anayejiita "Mchamungu Namba Moja" ajiulize kama si afadhali atumie jina aliloitwa na mama yake.

Wapo walimu wenzangu wanaosema kuwa kila jina lisilo la cheti cha kuzaliwa ni uongo. Kwa heshima zote, mimi siafikiani nao. Abu Hurayra (R.A.) tunamjua kwa kunya, wala si kwa jina lake. Bibi Aisha (R.A.) aliitwa Ummu Abdillah ilhali hakuzaa mtoto. Msichana anayetumia kunya ili wageni wasijue jina lake kamili, shule yake na mtaa wake, anajihifadhi. Hadanganyi.

Uongo unaanza pale unapojifanya fulani. Mama mmoja muuza dagaa alinijia akilia. Mtu alikuwa amechukua picha ya mwanawe, akafungua akaunti yenye jina lile lile isipokuwa herufi moja, akawaomba ndugu fedha za matibabu. Mjomba akatuma, na mgonjwa hakuwepo. Hii ni dhulma mbele ya Allah (S.W.), na hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Vile vile yupo anayetukana watu leo, kesho akabadili jina ili asijulikane. Huyo akumbuke kuwa Malaika wanaoandika hawahitaji jina la akaunti.

Nasaha zangu kwenu ni hizi:

1. Kabla hujalichagua jina, lisome kwa sauti mbele ya mama yako. Ukiona haya, liache.

2. Usitie ndani yake mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu wala shule unayosoma.

3. Fikiri kwanza, kwani Facebook ukishabadili jina haikuruhusu tena mpaka zipite siku 60, na TikTok siku 30.

4. Ukibadili, wajulishe ndugu na marafiki. Jina uliloliacha laweza kuchukuliwa na mwingine, nao wakadhani ni wewe.

5. Wazazi, msianze kwa fimbo. Kaa na mwanao, mwambie, "Mwanangu, nionyeshe unaitwaje huko." Mkiona jina baya, mbadilisheni pamoja.

Mimi langu nimelibadili. Sasa natumia jina langu na la baba yangu, Allah amrehemu. Vitufe vya kubadilishia sikuvijua, na aliyenionyesha ni yule yule mwanafunzi aliyecheka. Tulipomaliza akaniomba na yeye nimsaidie kutafuta jina jipya, kwa sababu lake lilikuwa baya kuliko langu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.