MOTOKAA ZISIZO NA KLACHI

Motokaa zenye giaboksi ya kujibadili yenyewe, ambazo wengi huziita otomatiki, zimejaa katika barabara zetu. Nyingi zilitoka Japani zikiwa zimekwisha tumika huko miaka kadhaa, na sasa zaendeshwa na mwalimu, na mwuguzi, na dereva wa teksi, na dereva wa shirika au wa ofisi ya serikali. Si vibaya hata kidogo. Lakini twaona kuwa jambo moja limesahauliwa. Wengi wa madereva hao walifundishwa gari la klachi, kisha siku moja wakapewa ufunguo wa gari jingine na kuambiwa, "Hili ni rahisi, weka D uende." Hapo ndipo hasara inapoanza.

Maana urahisi huo ni wa dereva, si wa mtambo. Kazi iliyokuwa ya mguu wa kushoto haikufutwa. Imehamishiwa ndani ya giaboksi, nayo hufanywa na oili. Injini huzungusha kitu mfano wa pangaboi kilichozama katika oili, na oili hiyo husukuma pangaboi la pili linalopeleka nguvu kwenye gia. Oili iyo hiyo ndiyo hubana klachi ndogo zilizomo ndani, ndiyo hulainisha vyuma, na ndiyo huchukua joto na kulipeleka kupozwa. Oili ikiungua, kazi zote nne huharibika pamoja.

Wako wasemao kuwa giaboksi hizi ni za anasa, haziwezi kazi ya sulubu. Hawasemi kweli. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliitia giaboksi ya namna hii, iliyoitwa Hydra-Matic, katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940, na katika Vita Kuu ya Pili ikatiwa ndani ya vifaru vyepesi vya M5. Kinachoziua ni joto, na joto hilo mara nyingi hutoka miguuni mwetu.

Tazameni foleni ya jioni katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Gari limesimama mahali penye mwinuko. Dereva, badala ya kukanyaga breki, analizuia lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Gari haliendi, injini inavuta, na nguvu yote hiyo haina pa kwenda ila kuichemsha oili. Mwenzake anatumia miguu miwili, wa kulia kwenye mafuta na wa kushoto kwenye breki, navyo vyapigana. (Mguu wa kushoto wa mtu aliyezoea klachi ni mkaidi, heri auweke mbali kabisa.) Wa tatu anageuza gari: bado linarudi nyuma, naye amekwisha tia D, hata klachi za ndani zikafanya kazi ya breki. Pedi za breki ni bei ndogo sana kuliko giaboksi. Gari lisimame kabisa kwanza, ndipo gia ibadilishwe.

Na katika kuegesha, P peke yake haitoshi mahali penye mteremko. P ni kijino kidogo cha chuma kinachozuia giaboksi isizunguke, nacho hakikuwekwa kubeba uzito wote wa gari lililopakiwa. Mguu ukiwa kwenye breki, vutwe breki ya mkono kwanza, kisha iwekwe P.

Lakini kosa linalotutisha kuliko yote ni la kutia N kwenye mteremko, eti kuokoa petroli. Mtu ateremkaye Kitonga au Sekenke kwa N haokoi kitu. Motokaa za siku hizi, gia ikiwa imeingia na mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, huinyima injini petroli kabisa. Zikiwa katika N ni lazima zinywe ili injini isizimike. Tena mtu huyo ameachia breki peke yake mzigo wote, nazo zikichemka hazishiki. Gia ya chini, iwe imeandikwa 2 au L, ndiyo ya kushukia mlima.

Kuhusu oili yenyewe, kitabu cha gari mara nyingi kimeandikwa Kijapani, basi mwenye gari huamini neno la muuza duka. Oili hizi si za namna moja. Ziko giaboksi zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, nazo zina oili yao. Ukizitilia ya nyingine utazivunja. Tena wengine waogopa kabisa kubadili, wakisema gari hufa baada ya kubadilishwa oili. Mara nyingi giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha choka kwa kuachwa na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. Na mtengenezaji akiahidi kuwa oili yake ni ya maisha, yafaa kuuliza ni maisha ya nani, na katika joto la nchi gani.

Twayasema haya kwa sababu mtambo ukifa hutafutwa wa kulaumiwa, na wa kwanza ni dereva. Kumkata mshahara mtu ambaye hakufundishwa hata saa moja si haki, na sisi hatutakubali kuiita nidhamu ya kazi. Dereva aliyefundishwa akapuuza, huyo ajibu. Lakini mwajiri amkabidhipo mtu gari la namna hii, ampe kwanza nusu siku pamoja na fundi mwenye ujuzi, na maelezo ya gari hilo yaandikwe kwa Kiswahili yakae ndani yake. Yasikose habari ya kuvutwa kwa kamba: injini ikizimika pampu ya oili nayo husimama, hata giaboksi ikazungushwa bila kulainishwa. Gari likikwama mbali, magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe juu, au gari lipakiwe zima katika lori.