Si Kila Lisemwalo Lipo: Vitabu vya Kifo cha Brian Jones



Katika nchi ya Uingereza yupo maiti aliyezikwa mwaka 1969, na tangu hapo hajaachwa apumzike. Kila baada ya miaka hutoka kitabu kipya kudai kwamba hakufa kwa maji bali aliuawa, na kila kitabu kina shahidi wake na siri yake. Maiti huyo ni Brian Jones, mpiga gitaa aliyeasisi kundi la muziki wa roki liitwalo Rolling Stones. Vitabu hivyo vimefika hata mikononi mwa vijana wetu wanaosoma Kiingereza. Huvisoma kwa pupa, na wakimaliza husema kwa yakini: aliuawa na fulani. Waulize yakini hiyo wameitoa wapi, watakuonyesha jalada.

Makala hii haikukusudia kuhukumu kama mtu huyo aliuawa au hakuuawa. Imekusudia kukuonyesha kwamba vingi katika vitabu hivyo si uchunguzi, bali ni tuhuma iliyovalishwa nguo za uchunguzi. Na kwamba mwenye kuieneza tuhuma hiyo anashiriki katika dhulma, hata akiwa mbali nayo kwa bahari na miaka.

Tuanze na yaliyothibiti. Brian Jones alizaliwa Cheltenham mwezi wa Februari 1942. Mwaka 1962, akiwa London, alilianzisha kundi lile, na yeye ndiye aliyelipa jina. Alikuwa na kipaji cha kushika chombo asichokijua na kukipiga baada ya muda mfupi. Umaarufu ukaja, na mali ikaja, na ulevi ukaja pamoja navyo. Mwaka 1967 na tena mwaka 1968 alikamatwa kwa dawa za kulevya. Mwezi wa Juni 1969 wenzake watatu walimwendea nyumbani kwake kumwambia kwamba kundi litaendelea bila yeye. Haukupita mwezi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 1969 alikutwa chini ya maji katika bwawa la kuogelea la nyumba yake, Cotchford Farm, katika jimbo la Sussex. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Afisa wa serikali mwenye kuchunguza vifo alitoa uamuzi kwamba kifo kilikuwa cha ajali: alizama, na mwilini mwake mlikuwa na athari ya pombe na dawa. Madaktari waliona pia kwamba ini lake limeharibika kwa mafuta na moyo wake umetanuka. Lishike jambo hili, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Sasa tazama vitabu. Mwaka 1990 A. E. Hotchner alitoa kitabu chake, Blown Away. Mwaka 1994 vilitoka viwili kwa pamoja, kimoja cha Geoffrey Giuliano na kingine cha Terry Rawlings. Mwaka 1999 Anna Wohlin, msichana wa Kiswidi aliyekuwa akiishi na Jones katika nyumba ile, naye akatoa chake. Mwaka 2005 ikatengenezwa sinema. Rawlings alikiita kitabu chake Who Killed Christopher Robin?, kwa kuwa nyumba ile zamani ilikuwa ya A. A. Milne, mwandishi wa hadithi za watoto, na Christopher Robin ni mwanawe aliyetiwa ndani ya hadithi hizo. Yaani jina la mtoto asiyehusika kwa lolote limechukuliwa likabandikwa juu ya maiti ili kitabu kipate mnunuzi. Kwa alama hii ya mlangoni utakisia yaliyomo ndani.

Je, vitabu hivi tuvipime kwa mizani gani? Mizani tunayo, tena ya zamani. Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea khabari kwa kuwa inapendeza au inatisha. Waliuliza kwanza: nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani? Walionana? Ni mtu wa kuaminiwa? Msimulizi asiyejulikana walimwita majhuli, na juu ya riwaya yake hawakujenga hukumu, wachilia mbali hukumu ya damu. Mizani hii si ya Waislamu peke yao; ni ya kila mwenye akili anayeogopa kudhulumu.

Ukiyapima madai ya Hotchner na ya Giuliano, utakuta yanasimama juu ya watu waliofichwa majina. Msomaji hawezi kujua kama mtu huyo alikuwapo, kama aliona, kama alilipwa, wala kama ana kisasi na anayemtaja. Huyu ndiye majhuli. Kadhi angemrudisha nyumbani kabla hajakaa.

Chukua sasa khabari iliyovuma kuliko zote, ile ya fundi wa ujenzi. Palikuwa na fundi aliyekuwa akifanya matengenezo katika nyumba ile, naye alikuwapo usiku ule. Jina lake limechapwa mara nyingi, mimi sitaliandika hapa. Inadaiwa kwamba alipokuwa akifa, mwaka 1993, alikiri kwa Tom Keylock, aliyekuwa dereva wa kundi lile, kuwa ndiye aliyefanya. Hebu ihesabu silsila. Fundi amekufa, hawezi kuulizwa. Aliyeyasikia maneno hayo ni mtu mmoja tu. Na mtu huyo mmoja inaelezwa kwamba baadaye alikana kuwa aliambiwa hivyo. Kimebaki nini? Kimebaki kitabu kinachosema kwamba mtu alisema kwamba maiti alisema. Juu ya uzi huu ndipo alipotundikwa binadamu akaitwa muuaji mbele ya dunia nzima.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Huyu kaulizwa damu, naye yumo kaburini.

Ama Anna Wohlin, simwiti mwongo. Alikuwamo katika nyumba ile, na aliyefiwa ana haki ya kusema uchungu wake. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameingia ndani wakati jambo linatokea. Hakuona mkono wa mtu juu ya kichwa cha mtu. Alichonacho ni dhana, na dhana hiyo aliitia kitabuni baada ya miaka 30, baada ya wengine kuwa wamekwisha kuichapa. Dhana ya mwenye huzuni inastahili kuhurumiwa. Haistahili kufanywa ushahidi.

Tena vitabu vyenyewe vinapingana. Kimoja kinakuchorea watu wengi na purukushani. Kingine kinakuchorea mtu mmoja na hasira yake. Haviwezi kuwa vya kweli vyote. Lakini muuza vitabu hapati hasara kwa kupingana huko. Kinyume chake, hupata faida, kwa maana aliyesoma cha kwanza atataka cha pili. Hapo ndipo utajua kwamba kinachouzwa si jawabu. Kinachouzwa ni swali, na jawabu likipatikana biashara imekufa.

Atasimama mtu aniambie: "Sheikh, lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Naijua methali hiyo tangu utotoni. Ni methali ya barazani, na barazani ina kazi yake: humtahadharisha mtu akae macho. Lakini haijapata kuwa kanuni ya mahakama. Kanuni ya mahakama aijua hata mtoto anayeanza fikihi: mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Ingekuwa kila lisemwalo lipo, basi pasingebaki mtu mwema hata mmoja katika mji, maana hakuna asiyesemwa.

Mwingine atasema: "Je, kama kweli aliuawa? Damu yake ipotee bure?" Hili ni swali la haki, na silikimbii. Nakubali kwamba uchunguzi wa mwaka 1969 ulikwisha haraka mno, siku chache tu baada ya kifo, na kwamba maelezo ya waliokuwapo hayakulingana katika kila jambo. Mtu kuwa na shaka si dhambi. Lakini shaka ina njia yake, nayo ni kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kuwaita mashahidi, kuwahoji na kuwapa watuhumiwa nafasi ya kujibu. Na njia hiyo ilifuatwa. Mwaka 2009 mwandishi mmoja wa magazeti aliwapelekea polisi wa Sussex karatasi alizozikusanya, nao wakalipitia upya faili lote. Mwaka 2010 wakatangaza kwamba hawakuona ushahidi mpya wa kuwafanya waupinge uamuzi wa kwanza. Basi aliyetaka haki kaipata njia yake hadi mwisho. Anayeendelea baada ya hapo kutaja jina la mtu kana kwamba hukumu imepita, huyo hatafuti haki. Anafanya buhtani.

Nawe fikiri juu ya nyumba ya aliyetuhumiwa. Jina la mtu halizikwi naye. Wamebaki nalo watu wake. Muuaji wa kweli, akipatikana na hatia, hukumu yake ina mwisho: hufungwa, na siku hutimia. Aliyehukumiwa na kitabu hana rufani wala hana siku ya kutoka. Kosa lake limo madukani, na kila chapa mpya ni kifungo kipya.

Sasa turudi kwenye lile ini na ule moyo. Kijana wa miaka 27 ana ini bovu na moyo uliotanuka. Hili halikusimuliwa na majhuli; liliandikwa na daktari. Je, hapa hapana jambo la kuchunguzwa? Nani aliyekuwa akimpa zile dawa? Kwa nini waliokuwa wakila kwa jasho lake hawakumshika mkono mapema? Siku mbili baada ya kifo chake kundi lake lilipiga muziki Hyde Park, London, mbele ya halaiki ya watu, likaachia vipepeo weupe kwa kumkumbuka. Vipepeo ni rahisi kuliko kumkesha mgonjwa.

Wala hakuwa wa mwisho. Jimi Hendrix alikufa Septemba 1970, Janis Joplin Oktoba 1970, Jim Morrison tarehe 3 Julai 1971, miaka miwili kamili baada ya Jones. Wote walikuwa na miaka 27. Morrison alizikwa Paris bila mwili wake kupasuliwa na kuchunguzwa, na pengo hilo limekuwa shamba la waandishi mpaka leo. Tazama basi hila iliyomo: msomaji akishaaminishwa kwamba nyuma ya kifo kama hiki kuna mkono wa siri, hatauona tena mkono ulio wazi. Pombe haihitaji wakili, wala sindano. Vitabu vimekwisha kuzitetea. Kijana anafunga kitabu akiwa amemchukia fundi mmoja aliyekufa zamani, na chupa iliyo mbele yake haoni kama ina ubaya.

Sikatai kila kitabu juu ya mtu huyu. Mwaka 2014 Paul Trynka aliandika maisha yake, akashughulika zaidi na kazi aliyoifanya kuliko na bwawa alilofia, na madai ya mauaji hakuyapokea kwa urahisi. Mtu anaweza kukataa muziki wa roki wote na bado akakiri kwamba kitabu cha namna hiyo kina adabu. Jones huyo huyo mwaka 1968 alipanda hadi kijiji cha Joujouka, katika milima ya kaskazini ya Morocco, akawarekodi wapiga zumari wa pale katika muziki waliourithi kwa baba zao. Santuri yao ilitoka mwaka 1971, yeye akiwa kaburini. Kumbe palikuwa na la kusimulia juu ya uhai wake. Lakini uhai hauuziki kama mauti.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba ugonjwa huu ni wa Waingereza. Sisi hatuchapi kitabu, lakini ulimi tunao. Mtu hufa ghafla, na kabla ya arubaini yake jina la muuaji limekwisha kupatikana. Katika Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu kifo cha mtoto kilitafutiwa mwenyewe, na wekundu wa macho uliotokana na moshi wa jiko ukafanywa ushahidi. Njia ni ile ile: kifo kisichoeleweka, moyo usiovumilia kutojua, na jirani asiyeweza kujitetea. Tofauti ni kwamba kule huishia dukani na huku huishia kwenye panga.

Basi kikikufikia kitabu cha aina hii, kiulize mambo matatu. Shahidi wako ni nani, naye aliona au alisikia? Unayemtuhumu alipata nafasi ya kujibu? Na kama ungekuwa umemwandika baba yangu, ningeuridhia ushahidi huu? Kikishindwa, kirudishe ulikokitoa, na jina ulilolisoma humo usilifikishe kwa mwingine. Kusema "sijui alikufaje" si aibu kwa mwenye elimu. Wakubwa wetu waliulizwa mengi na wakajibu kwamba hawajui, na hawakupungukiwa heshima.

Wabillahi taufiki.